Aliyepiga Magoti Kando ya Odile

Odile alitoka kwake jua likiwa limeshaegemea upande wa Kongo, ufagio na kibatari mkononi, mkeka kwapani. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa sabini na tano. Aliokutana nao njiani aliwaambia anakwenda kufagia kanisa. Hakuwaambia kwamba ile ilikuwa siku yake ya tatu bila kutia kitu kinywani.

Sababu ilikuwa Anguyo, mzee wa kanisa la Kuluba. Jumatano alikuja mpaka mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Odile, mwalimu ya Koboko iko mgonjwa. Jumapili hakuna mutu ya kuhubiri."

"Mzee, mimi ni mwanamke."

"Bwana yako alikufundisha Neno. Hapa nani mwingine anajua?"

Bwana yake, Jacques, alikuwa mwinjilisti. Waliingia Uganda pamoja kutoka Aru, upande wa Kongo, Jacques akiuza chumvi wiki nzima na kuhubiri Jumapili. Kisha, miaka mitatu iliyopita, watu wa serikali wasiovaa sare walisimamisha gari mbele ya nyumba, wakamwita kwa jina, wakaondoka naye. Hakurudi. Hapakuwa na maiti wala kaburi, wala mtu wa kuulizwa. Tangu siku ile majirani walipita mbele ya nyumba ya Odile upesi upesi, kana kwamba msiba wake ungewarukia. Mmoja tu hakumkimbia. Huyo ni Igga, mfuga mbuzi, aliyemwezekea nyumba upya na kumletea mbegu za simsim kila baada ya mavuno.

Kabla ya kuhubiri, Jacques alikuwa akifunga siku tatu, kisha Jumamosi jioni anapiga magoti peke yake kanisani. "Kama uko na mutu moyoni, mutu alikukosea," alikuwa akimwambia mkewe, "mutoe kwanza. Ndiyo usimame mbele ya watu." Odile hakujua njia nyingine ya kujiandaa. Akafuata hiyo.

Alifagia. Akaufunga mlango kwa komeo, akawasha kibatari, akatandika mkeka mbele ya meza ya mhubiri. Alikuwa amechagua kisa cha Kaini na Habili, damu inayolia kutoka ardhini. Akapiga magoti. Njaa ilikifanya kichwa chake kiwe chepesi. Nje mbuzi walikuwa wakirudishwa nyumbani. Alisikia vilio vyao vikipita, vikififia...

Kisha kimya.

Kisha magoti mawili yakatua mkekani, kando yake.

Mlango haukuwa umefunguliwa. Odile alinusa udongo mbichi, ule unaotoka chini kabisa ya shimo refu. Mtu alikohoa mara mbili, taratibu, kama alivyokuwa akikohoa Jacques kila alipotaka kuanza sala.

Furaha ilitangulia hofu. Alitaka kugeuka, lakini shingo ilikuwa ngumu kama mti. Aliangalia ukuta. Kibatari kilikuwa kimechora kivuli kimoja tu. Chake.

"Jacques?" alinong'ona.

"Niko."

"Uko wapi?"

"Huku iko baridi, Odile."

Machozi yalimtoka. Miaka mitatu hakuna aliyemwita kwa jina lake akiwa karibu hivyo.

"Kesho utasimama mbele ya watu," ile sauti ikasema. "Utasema jina."

"Jina la nani?"

"Igga."

Odile hakuelewa. Au hakutaka kuelewa.

"Igga ndiye aliwaonyesha nyumba. Sema mbele ya watu wote. Vijana watamaliza kazi."

Alijua vijana wangeimaliza vipi. Mwaka uliotangulia walimtuhumu mzee mmoja kwamba anaroga, wakamchoma ndani ya nyumba yake, na asubuhi yake wakaja ibadani. Odile alijua hayo yote. Bado kitu kikali kilimpanda kifuani, kikamwambia: sema tu. Ni mumeo anayekuomba. Sema.

Akaikutanisha mikono kwa sala.

"Tusali kwanza," alisema. "Kama zamani. Mimi natangulia, wewe unafuata."

Sauti haikukataa. Wakaanza Baba Yetu, yeye akitaja, ile ikirudia, neno kwa neno. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako uje. Ilikuwa ni sauti ya Jacques kabisa.

"Utusamehe makosa yetu," alisema Odile.

"Utusamehe makosa yetu."

"Kama sisi nasi tunavyowasamehe..."

"Kama sisi..."

Ikakatika.

"Kama sisi nasi," Odile alirudia.

"Kama sisi... Kama sisi... Kama sisi..."

Kila mara ilishuka chini zaidi. Ikaacha kuwa ya Jacques. Ikaacha kuwa ya mtu. Ilikwaruza kama jiwe la kusagia linalosuguliwa bila nafaka, na pumzi yake ilikuwa imeshafika sikioni mwa Odile.

Baridi.

Odile aliimalizia sala peke yake, kwa kelele. Alipofika kwenye amina, shingo ikalegea. Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Lakini mkeka ulikuwa umebonyea mahali pawili, upana wa magoti, na alipopagusa palikuwa pamelowa.

Aliuacha mkeka palepale, akakimbia.

Jumapili kanisa lilijaa. Igga aliketi benchi la pili. Odile alihubiri juu ya Kaini, na mara mbili lile jina lilimpanda kooni. Mara mbili akalimeza. Alipomaliza, nguo yake ilikuwa imelowa jasho mgongo mzima.

Watu walitoka. Igga alibaki. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

"Mama, jana jioni mimi nilipita hapa, mbuzi zimeshatangulia. Nilisikia mwanaume anataja jina yangu."

"Hukusikia vizuri."

"Nilisikia. Ilikuwa sauti ya bwana yako." Akapiga magoti kwenye vumbi. "Waliuliza tu nyumba iko wapi. Mimi nilionyesha na kidole. Walikuwa na bunduki, mama. Sikujua watafanya nini na yeye."

Odile aliutazama mkono wa Igga, uliomfungia nyasi za paa la nyumba yake. Alikuwa ametoka kusema saa nzima mbele ya watu. Igga alingoja neno moja tu la kumsamehe, akangoja, mwisho akainuka akaenda. Jumatatu alfajiri alivuka kuingia Kongo, akiacha mlango wazi na mbuzi wakilia zizini.

Jumatano Anguyo alirudi, amefurahi.

"Mama, watu wamependa sana. Jumapili hii tena?"

"Sijawa tayari, mzee."

"Basi funga tena."

Akafunga tena. Jumamosi jioni alikwenda kanisani, akafagia sakafu iliyokuwa safi, akatandika mkeka. Alikaa amepiga magoti mpaka popo wakatoka wote darini na giza likashika kila pembe. Hakukohoa mtu. Hakuja mtu.

Jambo hilo alikaa nalo muda mrefu. Mwishowe alimsimulia rafiki yake mmoja tu, Candiru, siku waliyokuwa wawili kisimani.

"Ulishukuru Mungu haikurudi," alisema Candiru.

Odile alitua mtungi chini.

"Sijui kilikuwa nini," alisema. "Lakini Jumamosi ile ya pili nilipiga magoti pembeni kabisa ya mkeka, Candiru. Nilimwachia nafasi."