Sauti Safi ya Mama Jamila

Siku hiyo Saumu alisikiliza kasida yake mpaka mwisho, kisha akacheka. Kitwana, aliyekuwa akivua viatu mlangoni, alifurahi, maskini. Mkewe hakuwa na kawaida ya kucheka na kasida ile. Alijilaza tu, spika masikioni, uso umetulia.

Jini la Saumu lilikuwa limekubaliana na Mama Jamila, mganga wa Majengo, kwamba likiisikia sauti yake kila jioni litakaa kimya. Mama Jamila alipoanza kuugua, akairekodi kasida kwenye simu ya Saumu, pamoja na kikohozi chake na majogoo ya jirani. Alipofariki, kinga ya Saumu ikabaki hiyo tu.

Kitwana alikuwa fundi wa kutia watu miziki kwenye simu, na alikuwa na majivuno yake. Wimbo unaokwaruza ulimkera. Alikuwa na programu inayofuta nakala mbovu na kuweka mahali pake nakala safi ya wimbo huohuo, huku jina la wimbo, jina la mwimbaji na picha yake vikibaki vilevile. Asubuhi hiyo aliipitisha kwenye simu ya mkewe, iwe zawadi. Kuisikiliza kasida yenyewe hakuwahi hata siku moja.

Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Saumu, uko naunguza nini?"

"Uyu mutu anaimba muzuri," alisema Saumu, kwa sauti nzito ya kiume. "Ni nani?"

Kitwana akaichukua simu. Picha ya Mama Jamila ilikuwepo, na jina lake pia. Akaweka spika sikioni na kumsikia kijana asiyemjua, akiimba juu ya kinanda, bila kikohozi wala jogoo. Alielewa alichofanya, na aliogopa kumtazama mkewe.

Saumu alikuwa ameanza kung'oa kucha zake.

Kitwana akampigia simu Rachid, mtoto wa marehemu, dereva wa Keshero, aliyekuwa na nakala ya kasida hiyo, akamwomba aje mbio. Muda wote wa kumngoja alimshika Saumu mikono, na mikono ile ikamshinda nguvu, ikarudi kwenye kazi yake taratibu, kucha baada ya kucha, huku mdomo wa Saumu ukiufuatisha wimbo wa yule kijana na macho ya Saumu, ambayo bado yalikuwa yake, yakimwomba mumewe afanye kitu.

Rachid alipofika walimwekea Saumu sikioni simu aliyokuja nayo. Kijana yuleyule akaimba.

"Rachid, iko wapi ya mama?" Kitwana alinong'ona.

"Si weye ulinitengenezeaka zote, ile siku nilikupitia ku kazi?" alisema Rachid. "Ulisema ya zamani ilikuwa mbaya. Sina ingine, ndugu yangu. Hakuna mutu iko nayo."

Jini likamshika Kitwana shavu kwa vidole vya Saumu vinavyovuja damu, kwa upole kabisa. "Usilie, papa. Nitafanya kama weye ulifanya ku wimbo. Mwenye iko ndani nitamufuta, ao nitamuacha asikie tu. Jina sitagusa."

Miezi kadhaa baadaye, mama yake Saumu alikuja kutoka Mugunga. Alimkuta binti yake amenenepa, anapika, anaimba, anaitika akiitwa. Akamkumbatia mlangoni. "Mutoto wangu amepona," alisema. "Kitwana, mwanangu, Mungu akubariki."

Juu ya bega la mama, uso wa Saumu ulikuwa ukicheka, na machozi yakimiminika machoni pake mpaka kidevuni. Kisha mkono wake ukayafuta bila haraka, kabla mama hajageuka kuona.