Mfuniko Chini ya Kibaraza

Kila asubuhi Chiriku alifagia kibaraza kipya cha saluni ya mama yake. Jina hilo alibandikwa na majirani, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakujua kunyamaza hata akiwa na mswaki mdomoni. Siri moja tu ndiyo iliyomkaa moyoni. Chini ya kibaraza kulikuwa na mfuniko wa chuma, na chini ya mfuniko kulikuwa na bomba la maji ya zimamoto. Baba yake, fundi mwashi, aliufukia kwa zege kwa sababu wateja walikuwa wakijikwaa.

"Ukiulizwa, hujui," alimwambia siku ile, Chiriku akimkorogea saruji.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, moto ulizuka nyumba ya jirani. Mshonaji nguo alikuwa ametoka mbio kununua uzi, akaisahau pasi ya umeme juu ya vitambaa. Mwanawe wa miaka minne, Kibonge, alikuwa amelala ghorofani. Mama huyo aliporudi, moshi ulikuwa umeziba ngazi. Majirani walimshika kwa nguvu asijitose ndani.

Gari la zimamoto lilifika upesi, la wagonjwa likifuata nyuma yake. Askari wawili walipanda juu kumtafuta mtoto, na wenzao wakawakinga kwa maji kutoka mlangoni. Mara mkuu wao akatazama kipimo cha tangi, uso ukambadilika.

"Maji yanakwisha! Ramani inaonyesha bomba mtaa huu huu. Liko wapi?"

Watu walitazamana. Mmoja alipekua majani kando ya mfereji, mwingine akainua gunia la takataka. Fundi, baba yake Chiriku, alisimama na ndoo mkononi, akiangalia viatu vyake.

Chiriku alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote. Aliogopa wangemkamata hapo hapo, mbele ya mtaa mzima.

"Baba, sema," alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza."

Maji ya mpira yakapungua, yakawa ya kuchuruzika.

"Mwanangu anaungua!" mshonaji alilia. "Jamani, mwanangu!"

"Liko hapa!" Chiriku alipiga ukelele, akikanyaga kibaraza kwa miguu yote miwili. "Chini ya zege! Tulilifukia sisi!"

Shingo zote ziligeuka. Mkuu wa zimamoto hakuuliza kwa nini.

"Unene wake?"

"Vidole vinne," Fundi alijibu. "Halina nondo."

Akakimbilia ndani, akatoka na nyundo kubwa. Alipiga pale pale palipo na mfuniko, akilia waziwazi bila kujali nani anamwona. Zege likapasuka. Askari wakang'oa vipande kwa mtaimbo, wakaunga mpira, maji yakaruka kwa kishindo.

Muda ulipita ambao Chiriku hakujua ni mrefu kiasi gani. Kisha askari wawili wakatokea mlangoni, mmoja amembeba Kibonge begani, mweusi kwa masizi. Muuguzi wa gari la wagonjwa alimlaza mtoto, akamwinamia. Ghafla Kibonge akakohoa, akamwita mama yake.

Moto ulipozimwa, mkuu alimwendea Fundi.

"Kesho utafika ofisini kwetu kujibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo kifo hicho kingekuwa cha mtoto wa mwenzako na cha vijana wangu wawili."

"Nitakuja, mkuu. Kosa ni langu, si la binti."

Fundi alichuchumaa mbele ya Chiriku, mikono yake imechubuka.

"Nilikutwika mzigo usiokuwa wako," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Jambo la hatari halifichwi. Mtu mzima akikuambia ulifiche, hata awe mimi baba yako, usimsikilize. Sema, tena sema mapema."

Chiriku aliishika mikono hiyo, akaipangusa vumbi la zege huku akilia.