Nyusi za Nicanor

Haya yalimpata rafiki yangu Baudilio, na tangu siku hiyo hakai popote bila kuegemeza mgongo ukutani.

Truko, mchezo wa karata wa baa yetu, tunacheza wawili kwa wawili, na mwenzako unampa ishara kwa uso. Ukishika ree ya upanga, karata inayokula nyingine zote, unanyanyua nyusi. Mzee Nicanor alipopooza uso, Baudilio, mwenzake wa miaka yote, alimfanya kichekesho cha baa.

"Nipe ishara basi, mzee! Au nyusi umezisahau nyumbani?"

Mwishowe akamwacha, akahamia upande wa wapinzani wao.

Nicanor alipokufa, Baudilio alitumwa nyumbani kwa marehemu kuchukua karata za baa. Ilikuwa mchana, saa ya watu kulala, madirisha yamefungwa kuzuia jua. Gizani alisikia nzi tu, na jeneza lililo wazi juu ya meza, mbao zake zikitoa mlio kwa joto. Hakuweza kujizuia. Alipozipata karata, akachomoa moja bila kuitazama, akaichomeka kwenye vidole vya maiti.

"Haya mzee, leo una nini?"

Akawasha kiberiti. Nyusi za Nicanor zilikuwa juu kabisa, paji limejikunja. Baudilio akaigeuza karata. Ree ya upanga.

Akacheka kwa woga. "Nimekuona, mwenzangu."

Lakini macho, ambayo mjane wake aliyafumba asubuhi, yalikuwa wazi, na hayakumtazama yeye. Yalipita juu ya bega lake, na huko nyuma kiti kikakwaruza sakafu, kikisogea mezani.