Gari Lililokataa Kuchuchumaa

Kishushio, mashine ya kushusha magari, kilifanya kazi bila kelele. Kila gari lilipanda jukwaani likiwa refu, mikono ya chuma ikapenya chini ya tumbo lake, ikafungua springi na shokapu, ikapachika nyingine fupi. Kabla dereva hajamaliza kikombe cha chai, gari lilikuwa limechuchumaa, tumbo karibu liguse lami. Hivyo ndivyo barabara lishi za jiji la Same zilivyotaka. Umeme ulitoka chini ya lami na kuingia tumboni mwa gari, na gari lililokaa juu sana lilishinda na njaa.

Injinia Nakijwa Mbwambo alikijua kishushio kile kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyekibuni. Lakini siku hiyo alikuja kama mteja. Gari lililokuwa jukwaani likisubiri kushushwa lilikuwa lake, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, la kijani kilichopauka, na kando yake alikaa mumewe, Mbazi, amejawa furaha ya mtu aliyeshinda ubishi wa miaka.

"Mama Eliafie, hatimaye," alisema Mbazi. "Nimechoka kusukumwa pembeni pamoja na magari ya takataka."

Nakijwa hakumlaumu. Magari marefu yalibanwa kwenye njia ya pembeni, watoto walichelewa shule, na kuanzia kesho Bongo la Jiji, kompyuta iliyotawala barabara zote, lingeyapiga marufuku kabisa mjini. Mwenye akili zake angeshusha gari akalala usingizi. Ila gari hili ndilo lililompeleka Kwamkunde, kwa mama yake, juu kwenye milima ya Upare, ambako lami huishia chini na mawe huanza. Moyo wake ulikuwa mzito tangu asubuhi.

"Mama tutamwona vipi?" aliuliza.

"Tutakodi gari refu huko huko chini ya mlima. Hatukosi."

Nakijwa aliigeukia mashine. Alipoibuni aliipa adabu mbili: isidanganye, na isimchoshe mteja kwa mambo ambayo hakuyauliza.

"Kishushio, gari hili likishuka, nini kitabadilika?"

"Litapata umeme wote linaouhitaji," ilijibu sauti ya upole. "Litaruhusiwa njia ya kati. Barabara ya Kwamkunde inafungwa."

"Inafungwa na nani?"

"Na Bongo la Jiji. Barabara isiyopitwa na gari wala kutengenezwa na mtambo huhesabiwa imekufa. Barabara hiyo haina kumbukumbu yoyote ya matengenezo, na gari lako ndilo pekee lililokuwa likiipita. Ulipoweka miadi ya kulishusha, lilitolewa kwenye hesabu. Mitambo ya kujenga ukuta wa kuiziba imeshafika. Wakazi watahamishiwa maghorofa ya bondeni."

Nakijwa alihisi damu ikimpanda kichwani. Haina kumbukumbu ya matengenezo! Barabara ile ilitengenezwa kila mvua zilipokwisha. Baragumu lilipolia Kwamkunde, watu walitoka na majembe na sururu kwenda msaragambo, kazi ya wote ambayo hakuna aliyethubutu kuikwepa, awe mchungaji au mlevi. Mama yake, kwa umri ule, bado alijitwika karai la kokoto. Hawakuwahi kuusubiri mtambo wowote, kwa hiyo hakuna mtambo uliowahi kuwaandika. Wangekaa tu wakalalamika, mtambo ungeletwa, nao wangehesabiwa hai.

Msimamizi wa kituo, Bwana Mmbaga, alikuja mbio mbio. "Injinia, kuna tatizo?"

"Mlijua kuhusu Kwamkunde?"

Bwana Mmbaga alitazama viatu vyake. "Ni watu wachache tu, Injinia. Bondeni watapata maji na hospitali."

"Mliwauliza?"

"Bongo halina utaratibu wa kuuliza."

"Literemshe gari langu jukwaani. Kama lilivyo."

"Fikiria vizuri. Kesho halitakanyaga lami ya jiji hili. Na wewe ni mtu wa ofisi ya jiji, watakuondoa kazini."

"Ofisi ni yenu," alisema Nakijwa. "Gari ni langu."

Alimgeukia mumewe, tayari kwa vita vingine. Mbazi alikuwa ameshainuka alipokuwa ameketi.

"Miaka yote nimebisha kwa ajili ya foleni," alisema taratibu. "Sikubisha ili mama afukuzwe kwake. Twende."

"Na watoto?"

"Watapanda basi. Kwani wa wenzetu wanapanda nini?"

Walifika chini ya mlima jua likiwa bado kali. Mitambo miwili mikubwa ilikuwa imekwisha kumwaga kifusi mdomoni mwa barabara, na mmoja ulikuwa ukikoroga zege. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Juu, mkono wa kushoto, Nakijwa aliona kipande cha barabara ya kwao kikiwa safi, mitaro imechimbuliwa upya, mawe yamepangwa ukingoni kwa mkono.

Gari lililoshushwa lisingeukaribia mlima ule wa kifusi. Nakijwa aliwasha injini ya zamani ya mafuta aliyokuwa ameibakiza garini kwa safari za huku, akatia gia ya magurudumu manne, na gari likapanda likiyumba, mawe yakigonga chini bila kulifikia tumbo. Mbazi alishikilia mlango na kuomba Mungu kwa sauti. Walipofika upande wa pili, Nakijwa aligeuza usukani, akaliegesha gari kukingama njia, pale pale ukuta ulipotakiwa kusimama.

Mtambo wa zege ulisogea, ukasimama. Ulikuwa umeagizwa usimwage zege palipo na gari.

Muda si mrefu sauti ya Bwana Mmbaga ilisikika kwenye kioo cha mawasiliano cha gari. "Injinia, Bongo linasema kuna gari linazuia kazi Kwamkunde."

"Liambie asante kwa kuliona," alisema Nakijwa. "Sasa lilirudishe kwenye hesabu."

Akazima injini.