Sabato ya Honorata

Ndugu zangu, sikilizeni yaliyompata Honorata wa Katubuka, maana yanaweza kumpata yeyote kati yetu anayejivunia dini yake.

Jumamosi moja ya mwaka 1996 nyumba yake ilikuwa imetulia. Chakula kilipikwa tangu Ijumaa, ua umefagiliwa, na mumewe Eliakimu, fundi wa reli, alikuwa anavaa viatu ili waende ibadani. Honorata alikuwa mkunga hodari, lakini siku ya Sabato hakumzalisha mtu, na kanisani walimsifu kwa msimamo huo. Sifa hizo alizipenda.

Wakasikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mimba kubwa, ameshikiliwa na mama mkwe wake. Walikuwa wakimbizi wa Kongo, wamevuka ziwa kwa mtumbwi na kushuka ufukwe wa Katonga alfajiri.

"Mama, wametuambia unazalisha," alisema yule mwanamke, jina lake Evaline. "Uchungu iko mingi. Unisaidie."

Honorata alitazama gauni lake jeupe. "Pole, mwanangu. Leo ni Sabato. Nendeni hospitali."

"Honorata," Eliakimu alisema taratibu, "huyu hafiki."

"Mbele za Mungu nitajibu mimi au wewe?"

Kweli hawakufika. Evaline alijifungulia kando ya barabara, mtoto akatanguliza miguu, na hapakuwa na mtu wa kumtoa salama. Honorata alipewa habari akitoka kanisani, Biblia ikiwa kwapani. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa amekufa.

Kesho yake Honorata alikwenda kituo cha kupokea wakimbizi, akajitolea kuzalisha. Alifanya kazi siku saba kwa juma, Sabato ikiwemo. Kila mtoto alipolia mikononi mwake, alisubiri moyo wake utulie. Haukutulia. Alipomwona Evaline akichota maji pale kituoni, alizunguka nyuma ya mahema asikutane naye.

Nyumbani Eliakimu alikula peke yake majuma mengi. "Unatafuta nini huko, mke wangu?"

"Natafuta Mungu anisamehe."

"Kazi hiyo itakwisha lini?"

Honorata alichukua kanga yake, akarudi kituoni.

Katika mwezi wa tatu wa kazi hiyo, akiwa hajalala siku mbili, alikifunga kitovu cha kichanga kwa uzi uliolegea, kisha akasinzia hapo hapo kitini. Evaline, aliyekuja kuleta maji, ndiye aliyeona damu kwenye kitenge kilichomfunika mtoto. Aliukaza uzi, kichanga kikapona, ndipo akamwamsha mkunga.

Honorata alipoelewa kwamba nusura asababishe kifo cha mtoto wa pili, alipiga magoti. "Mimi ndiye niliyekufukuza siku ile."

"Najua, mama. Nilikutambua tangu zamani."

"Basi niambie nifanye nini."

"Hata uzalishe kambi nzima, wangu hatarudi," Evaline alisema. Machozi yalimlenga, lakini sauti ilikuwa imara. "Nililia, nikaomba, nikakusamehe. Nilitaka kukuambia, nawe unanikimbia. Na Mungu naye unamkimbia hivyo hivyo, kwa kazi yako hiyo."

Jumamosi iliyofuata mkunga mwingine alishika zamu. Honorata alikula ugali na dagaa pamoja na mumewe, akalia, halafu akalala mchana kutwa. Kifo cha mtoto yule bado kinamuuma, na kitaendelea kumuuma. Lakini ameacha kujaribu kuununua msamaha aliokwisha kupewa.

FUNZO

Ndugu msomaji, Honorata alikosea mara mbili kwa kosa moja. Kwanza alidhani ataokolewa kwa kutofanya kazi, kisha akadhani ataokolewa kwa kuifanya bila kikomo. Bwana Yesu aliponya wagonjwa siku ya Sabato, kwa hiyo tusimnyime mwenye shida eti tunamheshimu Mungu. Na tukishakosa, tutubu, tumwendee tuliyemkosea, tuupokee msamaha. Wokovu ni neema, na pumziko la kweli ni kuiamini neema hiyo.