Matofali ya Bibi Nesi

Kila asubuhi, Baba Pacha alifika uwanjani kabla jua halijapanda. Alikuwa mfyatuaji wa matofali ya saruji. Uwanja wake ulikuwa kando ya barabara ya vumbi. Palikuwa na rundo la mchanga, pipa la maji, koleo mbili na mashine moja ya mkono. Mashine ile ilikuwa na kutu, na ililia kila alipoivuta. Mkewe, Mama Pacha, alichota maji na kubeba matofali mabichi juu ya vibao mpaka mahali pa kuanikia. Hawakuzungumza sana. Mtu aliyechoka hana porojo.

Zamani walikuwa wakicheka kazini. Lakini miezi miwili nyuma, pacha mkubwa, aliyemtangulia mwenzake kwa dakika kumi tu, alishikwa na tumbo. Kumbe kilikuwa kidole tumbo. Alipasuliwa, akapona, wakamshukuru Mungu. Ila akiba yote ilibaki hospitalini. Kisha shule zikafunguliwa, na pacha hawaombi ada kwa zamu. Mwenye uwanja naye akataka kodi yake. Walipokwenda kukopa saruji dukani, muuza duka aliwaonyesha karatasi aliyoibandika ukutani: "Mkopo yuko likizo." Walitabasamu kwa adabu, wakarudi mikono mitupu.

Tena kulikuwa na jambo lililowasumbua siku nyingi. Kila walipopakia matofali kwenye gari la mteja, katika kila kumi mawili yalivunjika. Baba Pacha aliona ni bahati mbaya tu.

Wiki moja baada ya kunyimwa mkopo, alikuja mama mmoja wa makamo. Alikuwa nesi mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Bibi Nesi. Alitaka kujenga vyumba viwili kwa kiinua mgongo chake, ili aache kuishi kwa kupanga. Alihitaji matofali mia sita. Alilipa nusu ya fedha palepale.

"Mimi sijui habari za matofali," alisema. "Nakujua wewe tu. Nifanyie kazi nzuri, mwanangu."

Siku ileile sehemu kubwa ya fedha hizo ililipa ada na kodi. Kilichobaki kilitosha mifuko kumi na mitatu ya saruji. Matofali mia sita yalihitaji mifuko ishirini, kwa sababu mfuko mmoja ulitoa matofali thelathini.

Baba Pacha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Akafuta. Akapiga tena. Mkewe alisimama akimtazama.

"Tukiongeza mchanga," alisema mume bila kuinua macho, "mfuko mmoja unatoa arobaini na tano. Tutakaribia mia sita."

Mama Pacha aliujua uso wa Bibi Nesi, na aliujua pia uso wa mwalimu anayewarudisha watoto nyumbani kwa ajili ya ada.

"Yataonekana?" aliuliza.

"Kwa macho, hapana."

"Basi iwe mara hii tu."

"Mara hii tu."

Wakafyatua siku mbili. Mifuko minne ikatoa matofali mia moja na themanini. Yalipangwa kwa mistari, ya kijivu, yamenyooka, huwezi kuyatofautisha na mengine. Lakini Baba Pacha alikosa hamu ya chakula. Mtu akipita barabarani akisalimia, yeye aliitikia akitazama chini.

Siku iliyofuata alikuja fundi mwashi aliyepewa kazi ya kujenga nyumba ya Bibi Nesi. Alikuwa mwanamke, jirani yao, na watu walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye uzito ambayo mafundi hupimia ukuta. Ukuta wake haukuwahi kupinda, wala maneno yake. Alikuja kuona kazi imefika wapi.

Timazi alisalimia vizuri, akamuulizia mtoto aliyepasuliwa. Kisha akatoa msumari mfukoni, akakwaruza tofali moja. Mchanga ukamwagika kama unga. Akakwaruza la pili, na la tatu. Hakuwa na haraka.

"Shemeji," alisema taratibu, "haya ni matofali au biskuti?"

Baba Pacha alitaka kusema kwamba bado ni mabichi. Mkewe ndiye aliyejibu. Alieleza yote: ugonjwa, ada, kodi, na ile mifuko kumi na mitatu. Alipomaliza alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

Timazi aliketi juu ya rundo la mchanga. Hakufoka. Alisema anaijua njaa, hata kwake imewahi kulala. Lakini ukuta hauijui. Ukuta ukibebeshwa paa, unauliza kitu kimoja tu: saruji iko wapi? Ikikosekana, unashuka, na haumchagui wa kumshukia.

"Haya siyajengi," alisema. "Na Bibi Nesi lazima ajue. Nenda umwambie wewe. Usipokwenda, nitakwenda mimi. Ila ukienda wewe itakuwa nafuu."

Kabla hajaondoka, alichukua konzi ya mchanga, akaisugua viganjani. Viganja vikabaki na tope. Akaomba chupa tupu inayoonyesha ndani. Akaijaza mchanga hadi nusu, akaongeza maji karibu ijae, akaifunika na kuitikisa kwa nguvu. Akaiweka kivulini.

"Msiiguse mpaka kesho," alisema. "Mchanga utatulia chini, tope linalozuia saruji kushika litakaa juu yake. Mtaona wenyewe kwa nini matofali yenu yanavunjika."

Mchana ule Baba Pacha alivaa shati safi, akaenda kwa Bibi Nesi. Njia ilikuwa fupi, lakini miguu ilikuwa mizito. Alimkuta akifua mlangoni mwa chumba chake cha kupanga. Akamwambia ukweli wote, hata kwamba fedha nyingine zilikwishalipa ada.

Bibi Nesi aliacha kufua. Mikono yake ilibaki ndani ya povu.

"Ningelala upande gani?" aliuliza.

"Sikuelewi, mama."

"Matofali yale mabovu. Yangekuwa ukuta wa upande gani? Upande wa kitanda changu?"

Baba Pacha alisema, "Nisamehe, mama."

"Sijakusamehe bado," alisema Bibi Nesi. "Lakini umekuja mwenyewe, kwa miguu yako. Hilo nimeliona."

Jioni ile walimwita Timazi, wakapatana kama alivyoshauri. Matofali mabovu hayatahesabiwa. Fedha alizokwishatoa Bibi Nesi zitalipia matofali mia tatu ya kwanza. Baada ya hapo, kazi itakwenda mia kwa mia: analipa mia, yanafyatuliwa mia. Hivyo hakuna fedha ya mteja itakayokaa muda mrefu mfukoni mwa fundi aliyebanwa. Bibi Nesi akaongeza sharti moja. Atakuja kila siku kuona mifuko ikifunguliwa.

Kesho yake walitazama ile chupa. Juu ya mchanga palikuwa na tope, unene wa kidole. Mama Pacha alishika kiuno. Miaka yote wamekuwa wakinunua mchanga huo kwa sababu ni wa bei rahisi, na wamekuwa wakiutupa tena kwa njia ya vipande.

Timazi aliwafundisha mengine. Watafute mchanga safi, na wauchekeche. Wachanganye saruji na mchanga vikiwa vikavu kwanza, mpaka rangi iwe moja, ndipo watie maji kidogo kidogo. Wasichanganye rundo kubwa la kushinda nalo mchana kutwa. Na tofali lisianikwe juani.

"Saruji haikauki kama nguo," alisema. "Inakomaa, na inakomaa kwa maji. Tofali la siku mbili mkilipeleka kwa mteja, ni kama mtoto aliyeachishwa kunyonya mapema. Yafunikeni. Yamwagilieni asubuhi na jioni, siku saba zisipungue. Msiyauze kabla hayajakomaa."

Yale mia moja na themanini waliyavunja kwa nyundo, wakajazia dimbwi lililokuwa mbele ya uwanja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufyatua. Kila nyundo iliposhuka, Baba Pacha aliiona mifuko minne ikipotea. Mama Pacha aliuza cherehani yake kufidia saruji hiyo. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Bibi Nesi alikuja kama alivyoahidi. Alikuja na kigoda chake, akakaa kivulini. Alihesabu mifuko, akahesabu matofali. Thelathini kwa mfuko, hakuna hata moja la ziada. Alisalimia akifika, akaaga akiondoka, basi. Siku ya tano alimuulizia mtoto. Siku ya sita alimwonyesha Mama Pacha namna ya kuinama bila kuumiza mgongo.

Kazi ilichukua muda mrefu, na wao walichoka vilevile. Mabega ya Baba Pacha yaliwaka moto kila jioni. Lakini matofali mia tatu ya kwanza yalipokomaa na kupakiwa garini, yalivunjika manne tu. Dereva aliyeyabeba alikuwa anajenga kwake. Aliyagonga mawili, yakalia kama bakuli la chuma, akauliza bei. Aliambiwa kwamba bei yao iko juu kidogo kuliko ya wengine, na akaelezwa sababu. Akatoa oda ya mia mbili.

Walipofika mia ya tano, Baba Pacha alipanga mifuko asubuhi, akasubiri. Hakutaka kufungua hata mmoja Bibi Nesi asipokuwepo. Jua likapanda. Mwishowe alikuja Timazi, akamkabidhi bahasha. Ndani yake mlikuwa na fedha za matofali mia mbili ya mwisho, zote kwa pamoja.

"Yeye yuko wapi?" aliuliza Baba Pacha. "Anaumwa?"

"Mzima kabisa. Nimemwacha kwenye kiwanja chake, anapima madirisha kwa hatua zake."

"Sasa nani atahesabu mifuko?"

"Nilimuuliza hivyohivyo," alisema Timazi. "Amesema uhesabu wewe."

Baba Pacha alimpa mkewe bahasha aihifadhi. Kisha akashika koleo, akafungua mfuko wa kwanza.