Mchanga Aliolalia Sharubu

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Hind alifagia uwanja wa nyumba yao kijijini Muungoni, akamjazia Sharubu karai la maji, kisha akamwita. Sharubu alikuwa mbwa wa shamba. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza kima waliokuja kung'oa muhogo. Hakuruhusiwa kuingia ndani, wala Hind hakuruhusiwa kumkumbatia, lakini walipendana hivyo hivyo, kwa mbali.

Siku hizi Sharubu hakuja tena mbio. Alikuja akinusa ardhi, akagonga kichwa kwenye kinu, akasimama.

"Sharubu, mwombe radhi kinu, umemkumba!" alitania Matar, kaka yake Hind.

Hind hakucheka. Yeye ndiye aliyemsihi baba ampeleke Sharubu mjini akatolewe uvimbe tumboni. Uvimbe ulitoka salama, ila Sharubu alipozinduka, macho yalikuwa wazi na hayaoni. Daktari wa mifugo, Bi Asila, aliwaeleza kwa huzuni kwamba mara chache sana dawa ya usingizi huacha madhara kama hayo. Huenda asione tena.

"Tumngoje mpaka Idi," baba alisema. "Akiweza kujiendea mwenyewe, atabaki. Akiwa ni wa kuumia tu, nitamwita Bi Asila amchome sindano ya kumpumzisha. Sitaki ateseke."

Mkesha wa Idi, Hind aliamua kumsaidia. Aliondoa kinu, mbuzi ya kukunia nazi na ndoo zote, ili Sharubu asigonge kitu. Kisha akawakumbuka wageni watakaokuja, ambao wasingependa kukanyaga alipolala mbwa. Akachota mchanga wote aliolalia Sharubu kando ya ukuta, akautupa jaani, akamwaga mchanga mpya mweupe. Mwisho akachoma udi, uwanja mzima ukanukia.

Jioni Matar alimrudisha Sharubu kutoka shambani, akamwacha uwanjani. Sharubu alinusa huku, akanusa kule, akalia kidogo. Hind alikuwa jikoni akimsaidia mama kukanda unga. Alipotoka, Sharubu hayupo.

Walimtafuta wakiita. Baba ndiye aliyemkuta, ndani ya shimo la zamani la kuchomea chokaa, mguu unavuja damu. Akateremka, akamtoa.

"Baba, usimwite Bi Asila!" Hind alilia. "Nshamwondolea kila kitu. Hakugonga hata kimoja!"

Baba aliutazama uwanja mtupu. "Kinu kiko wapi?"

"Ndani."

"Na mchanga wake?"

"Nshautupa, Baba. Kwa ajili ya wageni."

Baba aligeuka kuelekea jaani. "Lete beleshi," alisema.

Wakaurudisha mchanga wa zamani kutoka jaani, na kinu kikarudi mahali pake. Sharubu akaunusa ule mchanga, akazunguka, akajilaza na kushusha pumzi ndefu.

Asubuhi ya Idi, baba akiwa amevaa kanzu tayari kwenda kuswali, walimwona Sharubu akiinuka na kuchechemea. Bega lake liligusa kinu. Akakizunguka taratibu, akaenda moja kwa moja kwenye karai la maji. Hakuna aliyemwita.

"Atabaki," baba alisema.

Hind alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mimi ndiye niliyempoteza, Baba."

"Ulimhurumia, mwanangu, na huruma ni kitu kizuri. Ila hukumtazama kwanza. Sote tulidhani anagonga kwa kuwa ameshindwa, kumbe alikuwa anajifunza njia. Ukitaka kumsaidia aliyeumia, mwangalie kwanza anavyojisaidia mwenyewe. Ndipo utajua wapi anakuhitaji."

Upande wa shambani, kima alilia. Sharubu aliinua kichwa, akabweka kwa nguvu, uso ameuelekeza barabarani. Matar alisogea karibu nao, na safari hii hakutania.

"Huko siko, Sharubu," Hind alisema kwa sauti ya chini.

"Mwache," baba alisema. "Na hilo atalijua."

Wakasimama wote watatu, wakamsikiliza akibweka.